Vikombe Saba vya Mama Violeth

Tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi na dakika ishirini jioni, ofisa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam aligonga muhuri wa kwanza katika pasipoti ya Mariana Ndaki, mkazi wa Nyarugusu mkoani Geita, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa. Muhuri ulikaa upande. Mariana aliutazama, akapuliza wino ukauke, akairudisha pasipoti kwenye pochi aliyoining'iniza shingoni ndani ya blauzi.

Alikuwa bado hajaondoka dirishani pale simu yake ilipotetemeka. Jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa halijatokea kwa miezi kumi na tano.

"Shikamoo Mama. Mama mdogo kaniambia unaenda Ufilipino. Kule kuna ile chai ya baridi ya maziwa, yenye vipira vyeusi chini. Naionaga tu kwenye simu. Onja, uniambie ikoje."

"Mbona umesimama kama umekanyaga nyoka?" aliuliza mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari. "Sogea, Mama Violeth, watu wana ndege."

Mariana alisogea. Hata alipokaa kwenye kiti chake ndani ya ndege na mkanda kufungwa, alikuwa bado ameishika simu mkononi, na kioo kilipozimika alikigusa kiwake tena.

Violeth ni mwanawe wa pekee. Ana miaka ishirini na sita na anauza katika duka la dawa mjini Kahama. Aliondoka nyumbani Agosti 2022 akiwa na begi moja, na tangu siku hiyo hakupiga simu wala kupokea. Habari zake Mariana alizipata kwa mdogo wake, ambaye naye alizitoa kwa kupima, kama mtu anayetoa chumvi kwa jirani asiyerudisha: mtoto mzima, mtoto kahamia chumba kingine, mtoto alipata malaria akapona. Pale Nyarugusu watu waliendelea kumwita Mama Violeth, mara thelathini au arobaini kwa siku, na kila mara aliitika.

Kazi ya Mariana ni kusampo mawe. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anamletea mawe kutoka chini. Yeye anayatwanga kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, anauosha unga kwenye karai kwa maji kidogo kidogo, kisha anainamisha karai na kutazama kilichobaki. Kikibaki kimstari cha njano, chembamba kama uzi, watu watatia pesa katika duara hilo. Kisipobaki, wataondoka na majembe yao. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, na sifa yake imetokana na jambo moja: hasemi kwa jiwe moja. Anataka mifuko mitatu, kutoka pande tatu za shimo, na mpaka mfuko wa tatu uoshwe hafungui mdomo. Wanaume wazima huchuchumaa mbele yake sigara zikiwaungulia vidoleni, na hakuna anayethubutu kuuliza.

Ni sifa hiyo iliyompeleka Ufilipino. Shirika moja linalofundisha wachimbaji wadogo kukamata dhahabu bila zebaki lilichagua wanawake watano wa Geita na Shinyanga wakajifunze kwa wenzao wa milima ya Baguio, wanaotumia unga wa boraksi. Kiongozi wa safari alikuwa Theonest, ofisa wa shirika hilo, kijana mpole aliyehesabu abiria wake kila walipotoka mahali. Mwanamke wa kwenye mstari alikuwa Zakia Hamza wa Maganzo, ambaye kila mtu anamwita Mama Majaliwa. Zakia alianza na almasi za kuokoteza pembeni mwa mgodi wa Mwadui kabla ya kuhamia kwenye dhahabu, na hajawahi kukaa kimya kwa muda wa kutosha kuivisha yai.

Kikombe cha kwanza Mariana alikinywa Manila, kwenye kituo cha basi la kwenda Baguio, kabla ya saa tatu asubuhi. Kibanda kilikuwa na mwanga mwingi kama duka la simu. Msichana aliyevaa kofia alichota vipira kwenye sufuria, akavimwagia chai ya maziwa na barafu, akaweka kikombe kwenye mashine iliyokifunika kwa karatasi ya plastiki, ikakaza kama ngozi ya ngoma. Halafu akampa mrija mnene kama bomba la baiskeli.

Mariana alitafuta pa kuufungua mfuniko, akakosa. Zakia alimnyang'anya kikombe, akachoma plastiki kwa mrija kwa kishindo, na chai ikamrukia Theonest kwenye shati.

"Samahani, baba. Tumeshafungua mgodi."

Chai ilikuwa tamu mno, utamu wa kuuma meno. Vipira vilipanda kwenye mrija kimoja kimoja na kugonga ulimi. Mariana alitafuna kimoja kwa muda mrefu, akiangalia mbele, kama anavyoangalia anapotwanga.

"Haya," alisema Zakia. "Mjibu mtoto."

"Bado."

"Bado nini? Si umeonja?"

"Nimeonja moja. Mama Majaliwa, wewe utasema mwamba una dhahabu kwa jiwe moja?"

"Ni chai, Mama Violeth. Chai! Hakuna mtu atakayeingia shimoni kwa sababu yako."

Mariana alitabasamu, akafungua daftari dogo alilopewa na shirika kwa ajili ya mafunzo. Kwenye ukurasa wa nyuma kabisa aliandika tarehe, mahali, rangi ya chai, ugumu wa vipira na utamu. Alikuwa amekwisha amua. Mtoto amemuuliza swali la kwanza baada ya miezi kumi na tano. Hatamjibu hovyo. Ataonja katika maduka yote atakayoweza kuyafikia, halafu atampa jibu moja, kamili, lisilo na shaka.

Baguio ni mji wa baridi uliopanda milimani, nyumba juu ya nyumba, misonobari katikati, na ukungu unaoshuka mchana bila kumwomba mtu ruhusa. Wanawake wote watano walinunua masweta siku ya kwanza. Asubuhi walipelekwa kwa gari hadi kwenye mashimo nje ya mji, wakaonyeshwa jinsi mchanga mzito unavyochanganywa na boraksi na kuyeyushwa. Jioni walikuwa huru. Wenzao walikwenda sokoni kutafuta mabegi. Mariana alitafuta maduka ya chai, na Zakia alimfuata, kwa maelezo yake mwenyewe, ili awe shahidi.

Duka la pili lilikuwa ghorofani. Pale mteja anaulizwa anataka sukari kiasi gani kwa asilimia, na Mariana, akikumbuka meno yake, alisema sifuri. Alipata chai chungu yenye vitu vinavyoteleza. Aliinywa yote. Chini vilibaki vipira kumi na viwili, na hapo mkono wake ukafanya kazi iliyouzoea. Aliomba maji, akayamimina kwenye kikombe, akaanza kukizungusha taratibu kwa kifundo cha mkono, akamwaga maji ya juu, akaongeza mengine, akakiinamisha kuelekea kwenye taa ili aone kilichobaki.

Mhudumu alikuja mbio. Alichungulia kikombe, akachungulia uso wa Mariana, akainama mara tatu akisema maneno ya kuomba radhi. Alidhani mgeni ameona mdudu. Kabla hawajaweza kumweleza, alirudi na kikombe kingine kikubwa zaidi, cha bure.

Zakia alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. "Umepata gramu ngapi?"

"Ni unga wa muhogo," alisema Mariana kwa utulivu. "Umekandwa na maji ya moto, ukaviringwa, ukachemshwa na sukari guru. Hauna kitu kingine."

"Basi mwandikie hivyo! Mwandikie, 'Mwanangu, ni makopa ya tajiri.' Atacheka. Si ndicho unachotaka?"

Hicho ndicho alichokitaka. Alikitaka kiasi kwamba usiku alirudia kuusoma ule ujumbe na kusimama kwenye neno "Mama", ambalo Violeth alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa mwanzoni. Lakini aliona ni hatari kumjibu mtoto huyu nusunusu. Alishafanya hivyo mara moja, na hakuna mtu aliyejua ila yeye.

Mwaka 2022 Violeth alikuwa na mchumba, Sostenes, kijana wa Nyarugusu aliyekuwa na duara lake mwenyewe, mita thelathini kwenda chini. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha tajwa. Waliokuwa wanasubiriwa ni wafadhili wawili kutoka Geita mjini, ambao wangeleta pampu na mbao kwa sharti moja, kwamba Mama Violeth aseme mawe yana kitu. Sostenes alileta mifuko mitatu kama utaratibu unavyotaka, akaiweka chini kwa mikono miwili, akasema shikamoo Mama, akaenda kusubiri kwa jirani kwa heshima.

Mariana hakumtaka. Kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kazi yake. Baba yake Violeth, Jilala, naye alikuwa mchimbaji; mtoto akiwa na miaka sita, Jilala alisikia dhahabu imetoka Chunya, akaenda kwa wiki mbili, akaoa hukohuko. Mariana alimlea binti peke yake kwa karai, na hakutaka kuona mwanawe akisimama mlangoni kumsubiri mtu aliyefuata mlipuko, yaani habari ya dhahabu mpya. Basi alitwanga mfuko mmoja. Aliuosha. Karai halikubakiza kitu. Mifuko miwili iliyobaki aliimwaga nyuma ya uzio bila kuitwanga, akatoka nje, akatikisa kichwa.

Wafadhili waliondoka siku ileile. Sostenes aliuza kamba na ndoo zake, akaenda zake. Jioni Violeth alimuuliza mama yake swali moja.

"Mama, uliosha zote tatu?"

"Zote."

Violeth aligeuka, akaingia chumbani kwake. Alikulia ndani ya kelele za kinu kile, alijua mifuko mitatu inachukua muda gani kutwangwa. Siku ya tatu alifunga begi. Mvua za mwaka ule zilijaza duara maji, kingo zikaanguka, na leo hakuna anayeweza kusema chini yake palikuwa na nini.

Tangu hapo Mariana amekuwa mkali kwa kanuni yake kuliko zamani. Wachimbaji wanadhani ni uzee.

Duka la tatu liliuza chai ya zambarau iliyotengenezwa kwa magimbi, na Zakia alikataa hata kuinusa. La nne lilikuwa dogo, chini ya ngazi za mawe karibu na soko, likiendeshwa na bibi mwenye sweta lililotoboka viwiko. Hakuwa na mashine. Vipira alivipakua vya moto kwenye chungu cha sukari guru, akavimwagia maziwa ya baridi, akampa Mariana kijiko kwa sababu aliona mrija unamsumbua.

Mariana alitafuna, akaacha kutafuna.

"Nini?" aliuliza Zakia.

"Matobolwa."

Zakia alichukua kijiko, akaonja, akaitikia kwa kichwa taratibu. Wote wawili walikulia Usukumani, hawakuhitaji kuelezana. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi ya kiatu, vya kula wakati wa njaa au wakati wowote. Violeth alipokuwa mdogo, likizo zote alikaa kwa bibi yake, huko Ibadakuli. Bibi alianika matobolwa juu ya jabali nyuma ya nyumba, na mtoto aliyaiba kabla hayajakauka vizuri, akayatumbukiza kwenye kikombe cha chai ya maziwa, akasubiri yalainike. Aliinywa chai kwanza, polepole, ili vipande vibaki peke yake chini. Kisha alivivua kwa kijiko kimoja kimoja na kuvihesabu kwa sauti, na hakumpa mtu.

Mariana alitoa simu. Aliandika: "Ng'wana wane, mwanangu, nimekipata. Ni kama matobolwa yako kwenye chai ya bibi." Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Bibi mwenye duka alikuwa akifuta meza ya jirani, na nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ngazi. Kisha akakumbuka kwamba ni duka la nne tu, na kwamba Theonest amesema yako mengine matatu barabara ya juu, na huenda mojawapo likapinga hili. Alifuta neno moja baada ya jingine mpaka pakawa peupe.

"Wewe mwanamke," alisema Zakia, aliyekuwa akiona yote, "una roho ya jiwe."

"Nikimwambia leo na kesho nikute vingine, nitakuwa nimemdanganya."

"Atakufa kwa kudanganywa kuhusu chai?"

Mariana alisimama. Alilipa, akamshukuru bibi, "wabeja", na bibi, ambaye hakujua Kisukuma, aliitika kwa lugha yake.

Duka la tano vipira vilikuwa vya jana, vigumu katikati. La sita lilikuwa na foleni ya wanafunzi na muziki wa juu, chai ya kawaida tu. Alitoka pale Alhamisi tarehe 16, saa kumi na moja jioni, akiwa na daftari lenye kurasa sita zilizojaa, na akiwa amebakiza duka moja. Akiwa amesimama barabarani kumsubiri Zakia avuke, simu ilitetemeka.

"Basi Mama, nimeelewa. Nilidhani labda tungeanzia kwenye kitu kidogo. Safari njema."

Alijibu palepale, kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi: "Subiri mwanangu, nilikuwa nakusanya." Ujumbe ulikwenda na alama moja ya kijivu. Aliusubiri upate ya pili. Picha ya Violeth, ile aliyovaa koti jeupe la dukani, ilikuwa imetoweka, na mahali pake pamebaki kivuli cha mtu asiye na uso. Alipiga. Simu haikuita.

"Amekufungia," alisema Zakia alipochungulia. Alimshika mkono, akamwondoa barabarani.

Walikaa kwenye benchi la saruji mbele ya benki. Zakia ndiye aliyeanza kusema, na hakutumia sauti yake ya utani.

"Siku ya kwanza aliona alama mbili za bluu. Amejua umesoma. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, hakuna. Wewe ukinyamaza Nyarugusu watu wanasema Mama Violeth anaosha mawe. Mtoto wako akikuona umenyamaza atasema nini?"

"Atasema namdharau."

"Ehee."

"Nilitaka nimpe jibu la uhakika."

"Hakukuuliza jibu la uhakika. Alibisha hodi."

Mariana alilitazama daftari lake. Kisha, kwenye benchi lile, magari yakipita, alimweleza Zakia habari ya mifuko mitatu. Alieleza kwa ufupi, kama anavyoeleza mambo yote. Zakia alisikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba, akatoa simu yake, akaifuta kioo kwa ncha ya mtandio na kumpa.

"Hii namba haijui. Usiandike. Sema. Na uanze na chai, usije ukamtisha."

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa dakika saba na sekunde kumi na moja. Zakia alisogea mbali kidogo ili asisikie, akasikia yote. Mariana alianza kwa Kiswahili, akitaja vikombe: cha Manila kilichouma meno, kile alichokiosha kama karai mpaka wakampa kingine, cha magimbi, cha vipira vya jana. Kile cha chini ya ngazi alikisimulia kwa Kisukuma. Halafu akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo.

"Ng'wana wane," alisema, "uliniuliza kama niliosha zote tatu. Niliosha moja. Mbili nilizimwaga. Sijui zilikuwa na nini, na sitajua. Yule kijana hakuwa amenikosea. Nilikuwa namwogopa baba yako, akiwa mbali hukohuko Chunya. Sasa nimeonja chai kwa vikombe sita nikiogopa kukwambia neno moja lisilo kweli, na kumbe neno lisilo kweli nilishakwambia. Sikuombi urudi. Nimekujibu uliyoniuliza, yote mawili."

Alirudisha simu. Daftari alilifunga, akalitia mkobani.

Zakia aliangalia simu yake kabla ya kulala, alipoamka, na kila gari liliposimama. Alama mbili zilikuwa za bluu. Jibu halikuwapo. Jumapili, uwanja wa ndege wa Manila, Mariana alinunua kikombe cha saba, akakinywa amesimama, na hakuandika chochote. Walitua Dar es Salaam Jumatatu tarehe 20. Walipokuwa wakisubiri mabegi, Zakia alimgusa bega na kumwonyesha kioo.

"Huyo bibi wa chini ya ngazi, maziwa yake yalikuwa ya ng'ombe au ya kopo?"

Hakukuwa na shikamoo, hakukuwa na Mama. Mariana aliusoma mara nyingi kuliko idadi ya maneno yake.

"Ya kopo," alisema hatimaye. "Mwambie ya kopo. Lakini aliyachemsha."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda tangu hapo. Violeth hakumfungulia mama yake simu. Aliandika kwa Zakia, mara moja kwa wiki, mara mbili, swali moja kila safari, na kila mara kuhusu chai. Mrija ulikuwa wa rangi gani. Je, wanafunzi wa duka la sita walivaa sare. Je, cha zambarau kinaacha rangi mdomoni. Zakia, akiwa Maganzo kwenye meza yake ya kuuzia vifaa pembeni mwa barabara, alipokea swali, akampigia Mariana Nyarugusu, akapokea jibu, akalipeleka Kahama.

"Mimi sasa ni posta," alilalamika. "Tena posta isiyo na mshahara. Mnaulizana rangi ya mrija! Watu wazima!"

"Usiache, Mama Majaliwa."

"Nani kasema naacha? Nimesema nalalamika."

Mariana alijifunza kujibu haraka. Akiwa katikati ya kuosha, karai mkononi na wenye mawe wamechuchumaa, simu ya Zakia ikiita aliweka karai chini, akafuta mikono na kujibu swali la mtoto kwanza. Wachimbaji waliliona hilo, na halikuwafurahisha. Jioni, kinu kikinyamaza, alikaa kwenye kigoda upande wa barabara ya Bukoli, ambako mabasi ya Kahama hupita, na kuyasikiliza yakibadilisha gia mlimani.

Krismasi ilipita, mwaka ukaanza, maswali ya chai yakaisha. Mwisho wa Januari Zakia alipiga, na sauti yake haikuwa na utani.

"Leo hakuuliza chai. Ametuma namba. Ameandika hivi: 'Hii ni ya Sostenes, yuko Chunya. Amwambie yeye pia habari ya mifuko. Akishamwambia, nitajua.'"

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Siku nne Mariana alitembea na namba hiyo kwenye mfuko wa khanga, imeandikwa kwenye kipande cha katoni. Alipitiwa na wazo la kumtuma Zakia, akaliacha lipite. Siku ya tano alifunga mlango na kupiga.

"Shikamoo Mama," alisema Sostenes aliposikia ni nani, harakaharaka, kama kijana aliyeshtuliwa amekaa vibaya. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia, na mwanamke akimbembeleza.

"Marahaba, baba." Alikikunja kile kipande cha katoni. "Ile mifuko yako mitatu. Niliosha mmoja."

Mtoto alinyamaza, akaanza tena.

"Mmoja," alisema Sostenes.

"Mmoja. Miwili niliimwaga. Nilisema uongo mbele ya watu wako."

"Lile duara limeshajaa maji, Mama."

"Najua."

"Nimeoa huku."

"Nasikia mtoto. Mungu amkuze."

"Amina." Alishusha sauti. "Violeth anajua?"

"Anajua."

"Basi," alisema Sostenes, akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, "basi, Mama," akakata.

Mariana alibaki na simu sikioni. Kisha alitoka nje, akawaita wenye mawe waliokuwa wakisubiri, akawaambia leo haoshi, warudi kesho. Walinung'unika, wakaondoka.

Usiku uleule Mariana aliutuma upya ujumbe wa tarehe 16 Novemba, ule wa "Subiri mwanangu", na safari hii ukapata alama ya pili; asubuhi zote mbili zilikuwa za bluu. Picha ya koti jeupe ilikuwa imerudi. Violeth aliandika siku ya Jumatano, moja kwa moja kwa mama yake, kwamba amepata ruhusa kazini, kwamba asichinje kuku, kwamba asimwambie mtu, na kwamba haahidi kitu.

Jumamosi tarehe 17 Februari 2024 atapanda basi la saa moja asubuhi kutoka Kahama, atashuka Nyarugusu kabla ya saa sita, atalala usiku mmoja, na Jumapili atarudi.